Dawa ya Magugu na Sheria Isiyofika Shambani: Hali ya Masisi na Walikale

Udhibiti wa kemikali za kilimo kwa kawaida huelezwa kama jambo la maabara, bunge na mahakama, kwa kuwa huko ndiko madhara ya dawa yanakopimwa, masharti ya kuiuza yanakotungwa na malalamiko ya walioumia yanakosikilizwa. Katika Masisi na Walikale, teritwari mbili za jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hilo linaanzia kwenye palizi, yaani kazi ya kuondoa magugu yanayonyang'anya mazao maji, mwanga na rutuba. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake kwa jembe la mkono, na ikichelewa wiki chache tu baada ya mahindi au maharagwe kuota, mavuno hupungua hata kama mvua imenyesha vizuri. Asiyeanzia kwenye mzigo huo wa kazi hawezi kuelewa kwa nini mkulima anayeviogopa viuagugu, yaani dawa za kuua magugu, ndiye huyohuyo anayevinunua.

Teritwari hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye udongo wa volkano na baridi ya miinuko, ambako hulimwa viazi, maharagwe, mahindi, kabichi na vitunguu, na ambako maziwa ya ng'ombe hutengenezwa jibini inayojulikana mpaka Kinshasa. Walikale, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 23,000, karibu mara tano ya Masisi, ni nchi ya msitu mnene, mito mikubwa kama Lowa, na mashamba ya muhogo, ndizi, mpunga, karanga na michikichi. Magugu nayo hutofautiana. Katika miinuko, adui mkubwa ni sangari, nyasi ambayo wasemaji wa Kinyarwanda huiita urwiri, yenye mashina yanayotambaa chini ya udongo, hivyo kwamba jembe linapoyakatakata kila kipande huweza kuchipua upya na mkulima hujikuta ameieneza nyasi aliyotaka kuiua. Katika msitu, mkulima tangu zamani hakupigana na magugu bali aliyahama: alifyeka, akachoma, akalima misimu michache, kisha akaliacha shamba lipumzike kwa miaka mingi mpaka miti irudi na kivuli chake kiyamalize magugu.

Viuagugu ni sehemu ya kundi kubwa liitwalo viuatilifu, ambalo pia lina dawa za kuua wadudu na dawa za kuzuia kuvu, navyo havifanyi kazi kwa namna moja. Glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 na kampuni ya Monsanto ya Marekani, hufyonzwa na majani ikashuka hadi mizizini, ikazuia kimeng'enya ambacho mimea hukihitaji ili kujijenga, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa dawa chache zinazoiweza sangari. Lakini haichagui, huua karibu kila mmea wa kijani unaofikiwa na matone yake. Parakwati, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1960, huunguza majani ndani ya saa chache tu jua linapowaka bila kufika mizizini, na kwa binadamu ni sumu kali isiyo na dawa ya kuitibu, kiasi kwamba funda moja la maji yake mazito laweza kuua kwa kuharibu mapafu. Dawa ya 2,4-D, ya tangu miaka ya 1940, huchagua: huua mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi.

Hapa ndipo mkulima wa Masisi anapokutana na tatizo ambalo vijitabu vya maelekezo havilizungumzii, kwa kuwa dawa hizi zilibuniwa kwa ajili ya mashamba ya zao moja, ilhali yeye hupanda mahindi na maharagwe katika shamba lilelile, mara nyingi pamoja na viazi au maboga. Mahindi ni ya jamii ya nyasi, na maharagwe yana majani mapana. Anayepulizia 2,4-D juu ya mchanganyiko huo huyaokoa mahindi na kuyaua maharagwe, yaani huteketeza mboga ya nyumbani na fedha ya haraka ya sokoni, na atrazini, dawa nyingine maarufu ya mahindi, nayo haiyahurumii maharagwe. Katika Walikale, muhogo uliochanganywa na karanga na migomba uko katika hatari hiyohiyo. Kwa hiyo kwa dawa hizi inabaki nafasi moja tu iliyo salama kwa mazao, nayo ni kabla ya kupanda, glifosati inapopuliziwa juu ya magugu matupu. Na hata hapo inategemea mkulima atafanya nini baadaye. Magugu yaliyokufa yakiachwa yametandazwa na mbegu zikapandwa bila kulima, ardhi hufunikwa na kuhifadhiwa. Yakichomwa au udongo ukapinduliwa kwa jembe mwanzoni mwa mvua, miteremko mikali ya Masisi hubaki wazi na udongo wake hushuka na maji hadi mitoni.

Licha ya mipaka hiyo, haja ya dawa inazidi kwa sababu ya vita. Tangu mapigano ya mwaka 1993 Masisi imeona wakazi wake wakikimbia, wakirudi na kukimbia tena, na tangu kundi la waasi la M23 liliposhika silaha upya mwishoni mwa mwaka 2021 uhamaji huo umekuwa mkubwa zaidi. Shamba lililoachwa msimu mmoja hugeuka kichaka, na familia inayorudi huwa imepungukiwa na watu wa kulima, haina fedha ya kulipa vibarua, na haijui kama itakaa mpaka mavuno. Katika hali hiyo, dawa inayosafisha shamba kwa siku chache badala ya wiki kadhaa haiwezi kuitwa anasa. Huko Walikale watu waliokimbilia kando ya barabara kuu na kwenye vituo kama Mubi hulima ardhi ileile ya karibu bila kuiacha ipumzike, na magugu ambayo zamani yalimalizwa na kivuli cha msitu sasa hayana wa kuyamaliza. Aidha, migodi, kama ile ya koltani ya Rubaya na ya bati ya Bisie, huvuta vijana wenye nguvu mbali na jembe. Yeyote anayependekeza kuvipiga marufuku viuagugu bila kusema ni nani atakayepalilia mashamba hayo anawatwisha wanawake mzigo wa pendekezo lake.

Sheria zipo. Agizo la serikali namba 05/162 la tarehe 18 Novemba 2005 liliweka kanuni za afya ya mimea nchini. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 iliweka misingi ya hifadhi ya mazingira, na Sheria namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011 ikaweka misingi ya kilimo. Mwaka 2005 Kongo ilijiunga pia na mikataba miwili ya kimataifa ambayo kila mkulima angestahili kuijua: Mkataba wa Stockholm, unaokomesha au kubana kemikali zinazodumu miaka mingi katika mazingira na kujilimbikiza miilini, kama vile DDT, na Mkataba wa Rotterdam, unaotaka kemikali hatari zilizoorodheshwa zisivuke mpaka kabla ya nchi inayozipokea kuarifiwa na kusema kama inazikubali. Utekelezaji umegawanywa kati ya Wizara ya Kilimo, huduma ya karantini ya wanyama na mimea iliyo mipakani, na Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, inayokagua bidhaa zinazoingia. Chini kabisa yuko agronomu, mtaalamu wa serikali anayepaswa kuwafikia wakulima kijijini, mara nyingi bila usafiri.

Mlolongo huo unategemea mpaka unaosimamiwa na nchi yenyewe, jambo ambalo sasa halipo. Bunagana, mlango wa kutokea Uganda, iliangukia mikononi mwa M23 mwezi Juni 2022, Rubaya mwezi Aprili 2024, Masisi-Centre na Goma, mji mkuu wa jimbo, mwezi Januari 2025. Mwezi Machi 2025 wapiganaji waliingia Walikale-Centre, kisha wakaondoka. Agizo la Kinshasa kwa hiyo haliifuati chupa ya dawa katika njia yake yote, na teritwari mbili jirani zimejikuta chini ya watawala wawili. Zaidi ya hapo, pembejeo nyingi za kilimo huingia Kivu kupitia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, na kila moja ya nchi hizo ina chombo chake: Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2020, na Kenya ina bodi yake ya kudhibiti viuatilifu ambayo mwaka 2025 ilitangaza kuondoa sokoni makumi ya bidhaa. Uamuzi wa aina hiyo ni wa kupongezwa, lakini bidhaa iliyofungiwa mlango katika nchi moja hutafuta wanunuzi mahali ambapo hakuna anayeuliza, na Kivu ni mahali pa namna hiyo.

Mahali ambapo udhibiti hasa unafanyika, au unashindikana, ni kwenye meza ya muuzaji. Dawa huja katika chombo cha lita moja au zaidi, na kwa kuwa mkulima mdogo hana uwezo wa kuinunua yote, humiminwa katika chupa ndogo zilizowahi kuwa na maji au soda. Lebo hubaki kwa muuzaji. Pamoja nayo hubaki jina la sumu, tarehe ya mwisho wa matumizi, maelekezo ya huduma ya kwanza, na ule ukanda wa rangi chini ya lebo ambao umewekwa ili hata asiyejua kusoma aelewe: nyekundu kwa dawa zenye sumu kali kupita zote, njano kwa zile za hatari ya wastani, buluu kwa zenye hatari ndogo, na kijani kwa zisizotarajiwa kuleta sumu ya ghafla zikitumiwa ipasavyo. Hata ile lebo yenyewe mara nyingi imeandikwa Kiingereza kwa watu waliosoma Kifaransa na wanaozungumza Kiswahili. Mnunuzi huondoka na maelezo ya mdomo tu, kwamba atie vifuniko vingapi katika bomba la mgongoni la lita 15 au 16.

Kipimo hicho cha kifuniko kina matatizo mengi kuliko inavyoonekana. Glifosati huuzwa ikiwa na nguvu tofauti, mathalani gramu 360 katika lita moja au gramu 480, kwa hiyo vifuniko viwili vya dawa moja havilingani na viwili vya nyingine. Isitoshe, dawa hii hushikamana na chembe za udongo, na ikichanganywa na maji machafu ya kijito wakati wa masika, sehemu yake hunaswa na tope kabla haijafika kwenye jani. Vilevile mvua ikinyesha saa chache baada ya kupulizia, kama inavyotokea sana katika milima ya Masisi, dawa husombwa kabla haijafanya kazi. Mkulima anapoona magugu yake bado yamesimama huamini kwamba ameuziwa dawa ya bandia, jambo ambalo nalo hutokea, na mara ya pili huongeza vifuniko. Bomba lililochakaa huvuja mgongoni, nguo hulowa, ngozi hunyonya, na jioni bomba huoshwa katika kijito kilekile ambako wengine huteka maji ya kunywa.

Kuhusu mtazamo wa watu, hofu waliyo nayo walaji na wakulima haistahili kubezwa. Wapo wanaoamini kwamba chakula kilichopitiwa na dawa kinaleta magonjwa, na wapo wanaoamini kwamba dawa huuchosha udongo. Imani hizi mbili zina ukweli ndani yake, ingawa mara nyingi huchanganya dawa zisizofanana. Mlaji wa mjini Goma anayeogopa kabichi au viazi vya Masisi ana sababu ndogo ya kuhofia kiuagugu kilichopuliziwa kabla ya kupanda, na sababu kubwa zaidi ya kuhofia dawa ya wadudu iliyopuliziwa juu ya kabichi siku moja au mbili kabla ya kupelekwa sokoni. Kila dawa ina muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, unaotajwa kwenye lebo, na lebo ikishatengwa na chupa muda huo haujulikani tena. Vivyo hivyo mankozebu, unga wa kuzuia ukungu wa viazi ambao umezoeleka mno katika miinuko ya Kivu, ulinyimwa kibali kipya na Umoja wa Ulaya mwezi Desemba 2020, huku mikononi mwa wakulima wengi ukipimwa kwa kijiko bila glavu.

Mjadala mkubwa wa dunia, hata hivyo, umekuwa juu ya glifosati. Mwezi Machi 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Novemba mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema kwamba si rahisi iwe hivyo. Mwaka 2018 baraza la mahakama mjini San Francisco likampa ushindi mtunza bustani Dewayne Johnson, aliyedai kwamba dawa hiyo ilimpa saratani, dhidi ya Monsanto. Na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukaongeza kibali chake kwa miaka 10. Kwa msomaji wa kawaida yote haya yanaonekana kupingana, na kwa sehemu yanapingana kweli, lakini vyombo viwili vya mwanzo havikupima kitu kimoja. Cha kwanza kilipima glifosati pamoja na dawa zilizotengenezwa kwayo, cha pili kikapima glifosati peke yake. Nacho kibali cha Ulaya kimejengwa juu ya mtumiaji mwenye glavu, bomba zima na kipimo sahihi, na mtumiaji huyo si mkulima wa Nyabiondo huko Masisi wala wa Itebero huko Walikale. Kwa hiyo kibali hicho hakiwezi kusomwa Masisi kama hakikisho la usalama, na anayekitumia kuwatuliza wakulima anawapotosha.

Ubaya zaidi uko katika biashara yenyewe. Parakwati haijaruhusiwa katika mashamba ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007, lakini iliendelea kutengenezwa Uingereza na kuuzwa nchi za mbali. Ufaransa, kwa upande wake, ilipiga marufuku kuanzia mwaka 2022 utengenezaji na uuzaji nje wa viuatilifu vilivyokatazwa Ulaya kwa sababu za afya au mazingira. Kuiona sumu kuwa ni kali mno kwa mkulima wa Ulaya na kuiona inafaa kwa mkulima wa Afrika, asiye na hospitali ya karibu, ni dhuluma.

Masisi yenyewe ina historia inayofundisha jambo kubwa kuhusu dawa za kuua mimea. Mwaka 2001 teritwari hiyo ilikuwa ya kwanza nchini Kongo kupatikana na mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliojulikana kwanza Ethiopia, ambao hugeuza majani kuwa ya njano, huivisha ndizi kabla ya wakati na kuzioza ndani, na husambazwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba pamoja na panga linalokata mgomba mgonjwa kisha mzima. Ushauri wa mwanzo katika nchi za Maziwa Makuu ulikuwa kuliangamiza shina zima, yaani mama na machipukizi yake yote, ama kwa kuling'oa, kazi nzito inayomaliza nguvu za familia, ama kwa kulidunga kiuagugu, na nchini Uganda 2,4-D ilitumika kwa kusudi hilo. Wakulima wengi wa Kivu hawakufuata ushauri huo. Dawa ilikuwa ghali au haikuwapo, na kung'oa shina zima kulikuwa na maana ya kukaa bila ndizi kwa zaidi ya mwaka, jambo ambalo mtu aliyekwisha kupoteza mazao mengine kwa vita hawezi kulikubali.

Watafiti walipochunguza zaidi waligundua kwamba bakteria haienei sawasawa katika machipukizi yote ya shina moja, kwa hiyo inawezekana kukata mgomba ulioonyesha dalili peke yake, kwenye usawa wa ardhi, mara tu dalili zinapoonekana, na kurudia hivyo kila mara mpaka ugonjwa upungue. Njia hiyo huambatana na kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kusafisha panga kwa moto au kwa maji ya javel, yaani dawa ya klorini. Haihitaji kemikali ya kuua mimea. Inahitaji jicho la karibu na uvumilivu, na ilikubalika kwa sababu ilimwachia mkulima chakula wakati anapopambana na ugonjwa. Ushauri ule wa kwanza ulikuwa na hoja ya kisayansi, ila ulipimwa kwa kuua ugonjwa tu bila kupimwa kwa maisha ya mwenye shamba, na kosa hilohilo ndilo linalorudiwa katika mjadala wa viuagugu, upande wa wanaoviuza na upande wa wanaotaka vikomeshwe.

Mara nyingine dawa za asili hutajwa kama jibu. Utupa, kichaka ambacho majani yake yalitumika tangu kale kulevya samaki mitoni, huzuia wadudu katika maharagwe yaliyohifadhiwa, na pareto, ua lililolimwa sana katika miinuko ya Kivu tangu enzi za Wabelgiji, ndilo lililotoa mfano wa dawa za wadudu kama saipamethrini ambazo leo hununuliwa kwa chupa. Lakini utupa ni sumu pia, kama samaki wanavyothibitisha, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachoua magugu. Kinachoyapunguza ni kufunika ardhi: matandazo, mimea inayotambaa kama mukuna, mahindi na maharagwe yaliyopandwa karibukaribu ili kivuli kifunge mapema. Hayo huchukua misimu kadhaa kuzaa matunda, na mwenye kuhesabu misimu lazima awe na uhakika wa kubaki juu ya ardhi yake.

Wakati uhakika huo haupo, yako mambo yasiyohitaji kusubiri agizo jipya. Wafanyabiashara wakubwa wa miji ya Goma na Bukavu wanaweza kuuza dawa katika vifungashio vidogo vilivyofungwa na kubandikwa lebo ya Kiswahili, yenye ukanda wa rangi na kipimo kwa bomba moja la lita 16, na hilo pekee lingeondoa sababu ya kumimina dawa katika chupa za soda. Muuzaji wa mezani, ambaye kwa kweli ndiye mshauri wa kilimo anayefikiwa zaidi kuliko agronomu, anastahili kufundishwa kabla ya mtu mwingine yeyote, na asiuziwe parakwati kabisa. Vyama vya ushirika, parokia na mabaraza ya mwami, yaani chifu wa jadi, ambayo yameendelea kusimama hata serikali zinapopishana, yanaweza kukubaliana kwamba bomba halioshwi kijitoni, na kwamba chupa iliyoisha husuuzwa mara tatu, maji yake yakarudishwa ndani ya bomba ili yapuliziwe shambani, kisha ikatobolewa kwa msumari ili isije ikarudi sokoni ikiwa imejazwa mawese.